MPIGA SANTURI NAYE ATUNZWE

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Katika sherehe za mitaa ya Buguruni, jijini Dar es Salaam, msemo huo hutimizwa kwa noti. Anayecheza hutunzwa, anayeimba hutunzwa, na mama wa bibi harusi hutunzwa hata kama hakuinua mguu. Anayesahauliwa mara nyingi ni yule aliyekaa nyuma ya spika tangu alasiri, akichagua nyimbo, akiunganisha huu na ule, na kuilinda mitambo isiungue. Huyo ni mpiga santuri, ambaye vijana humwita DJ. Santuri zenyewe zimekwisha kuwa adimu, na mahali pake pamekaliwa na kompyuta, lakini kazi ni ile ile. Leo tunapenda kumsemea.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au wa Pemba akauliza: Buguruni inatuhusu nini sisi watu wa Visiwani? Jawabu letu ni kwamba inatuhusu sana, kwa kuwa muziki unaopigwa huko una damu yetu ndani yake. Katika miaka ya 1990 taarab ya kisasa, ile ya vinanda vya umeme iliyopigwa na makundi kama East African Melody, iliingia katika sherehe za Dar es Salaam na kupendwa mno. Wapiga santuri wa mitaa ya watu wa kipato cha chini wakakata vipande vya ala katika nyimbo za taarab, wakavirudiarudia na kuvikimbiza, na waghani wakapaza sauti zao juu yake. Vipande hivyo vikachanganyika na mchiriku, muziki wa vinanda vidogo vya Casio na spika za tarumbeta, wenye asili yake katika ngoma za Wazaramo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa singeli.

Singeli ni muziki wa mbio. Ule muziki wa Marekani uitwao house, ambao dunia nzima huuchezea, una mapigo kama 120 hivi kwa dakika. Singeli hupita mapigo 200, na mara nyingine hukaribia 300. Asiyeuzoea huona ni kelele tupu. Lakini aliyekaa karibu na mpigaji akamtazama anavyofanya kazi atakiri kwamba kuyashika mapigo ya kasi hiyo, usiku mzima, bila wachezaji kupotea hatua, ni ufundi unaotaka sikio, mkono na subira.

Ufundi huo hausomwi darasani. Kijana wa Buguruni huanza kwa kubeba spika na kukunja nyaya za wenye mitambo ya kukodisha. Akionekana hana tamaa ya kugusagusa, huachiwa kulinda jenereta. Baada ya muda huruhusiwa kupiga alasiri, kabla wageni hawajajaa. Siku moja mwenye zamu huchelewa, na kijana huyo hukalia kiti. Akifaulu, atakaa hapo miaka. Akiba yake ya kwanza huishia katika maduka ya Kariakoo, safari fupi tu ya daladala kwa Barabara ya Uhuru, anakonunua kompyuta iliyokwisha kutumika na spika mbili. Chumba anacholala hugeuka studio. Hakuna aliyempa cheti wala ajira, na mama yake bado anamuuliza ni lini atatafuta kazi.

Swali hilo la mama ndilo tunalotaka viongozi wetu walijibu. Je, hiyo siyo kazi?

Tukitazama nje ya nchi tutaona kwamba si Dar es Salaam peke yake iliyomtazama mpiga santuri kwa jicho la pembeni. Katika mwaka 1977 kijana mmoja wa New York, Frankie Knuckles, alihamia Chicago akapiga santuri katika jumba lililoitwa Warehouse. Waliojaa humo walikuwa zaidi vijana Weusi na wengine waliotengwa na kumbi za wenye hali zao. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa michezo wa Comiskey Park katika mji ule ule, maelfu ya watu walishangilia sanduku la santuri za disko likilipuliwa kwa baruti. Knuckles hakuacha kazi. Jina la lile jumba likafupishwa, likawa jina la muziki wenyewe, house. Mwaka 1998 alipewa tuzo ya Grammy, na mwaka 2004 sehemu ya Barabara ya Jefferson mjini humo ikapewa jina lake kwa heshima. Alifariki dunia mwaka 2014, akiwa mtu wa kazi moja tangu ujana wake. Mji uliolipua santuri ndio uliomwandikia mpigaji kibao cha barabara.

Nasi tuna historia yetu. Mwaka 1969 uongozi wa Dar es Salaam ulipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja kwamba unapotosha vijana. Muziki huo haukufa kwa amri. Disko ziliendelea, na katika disko hizo kikalelewa kizazi cha watu waliokuja kujenga biashara kubwa. Baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kufungua mlango kwa redio binafsi, Radio One ilianza mwaka 1994, na kipindi chake cha DJ Show alichokianzisha Taji Liundi kikawapa vijana wa Kitanzania mahali pa kusikika. Joseph Kusaga, aliyeanza kwa kupiga disko, alikuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa Clouds FM. Ni watu wangapi wamepata mshahara kutokana na redio hizo? Mizizi ya ajira yao imo katika kazi iliyoitwa uhuni.

Singeli nayo imepita njia hiyo hiyo. Studio ya Sisso iliyoko Mburahati, mtaa wa Dar es Salaam usiotofautiana sana na Buguruni, ilikusanya kazi za vijana wake, na mwaka 2017 zikatolewa nchini Uganda na Nyege Nyege Tapes kwa jina la Sounds of Sisso. Tangu hapo wapigaji kadhaa wa singeli wamealikwa katika matamasha ya Ulaya. Mwaka 2019 mmoja wao, Jay Mitta, alitoa santuri aliyoiita Tatizo Pesa. Jina hilo lafaa kuwekwa juu ya meza ya kila afisa anayeshughulikia utamaduni, kwani limesema kwa maneno mawili yale ambayo ripoti nyingi hushindwa kuyasema kwa kurasa mia.

Hatutaki kusemekana kwamba tumefumba macho. Zile sherehe za usiku kucha zijulikanazo kwa jina la vigodoro zimeleta malalamiko ya haki. Mgonjwa anahitaji usingizi. Mwanafunzi wa skuli anayekabiliwa na mtihani anahitaji utulivu. Mzee anayeamka kwa sala ya alfajiri hapaswi kuikuta spika dirishani mwake. Tena yapo mambo ya aibu yanayofanywa mbele ya watoto kwa kisingizio cha ngoma. Serikali inapoyakataza hayo inatimiza wajibu wake, na nchi ina sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inayoiwezesha kudhibiti kelele.

Lakini kuna tofauti kati ya kudhibiti na kufukuza. Mitambo ikikamatwa usiku, anayepoteza si mwenye sherehe, ambaye kesho atakwenda zake. Anayepoteza ni mpigaji, ambaye spika hizo ndizo jembe lake. Kumpokonya mkulima jembe kwa sababu amelima nje ya mpaka si kumfundisha mpaka uko wapi. Tunashauri basi kila halmashauri, Bara na Visiwani, itenge viwanja na saa zinazojulikana, itoe vibali kwa bei ambayo kijana anaiweza, na iweke kipimo cha sauti ambacho mpigaji na jirani yake wote wanakijua. Atakayevunja masharti hayo atozwe faini, wala hatutamtetea.

Pili, ujuzi huu upimwe. VETA imekuwa ikiwapima mafundi waliojifunza kazini, wakiwemo mafundi magari na waashi, na kuwapa vyeti bila kuwarudisha darasani. Fundi wa sauti naye aingizwe katika hesabu hiyo, na hapa Zanzibar Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ifanye vivyo hivyo. Mwenye cheti ataajirika hotelini, redioni, na katika mikutano ya Serikali yenyewe, ambayo haijawahi kukosa spika zenye kupiga mluzi katikati ya hotuba.

Tatu, mikopo. Halmashauri za Bara hutakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni za vijana. Kikundi cha vijana watano wa Buguruni wenye mitambo ya muziki kisitazamwe kwa dharau na yule afisa aliyewapitishia wenzao wa bodaboda. Mitambo huonekana, huhesabika, na huleta fedha kila mwisho wa wiki.

Nne, na hili ndilo linalotugusa zaidi sisi wa Visiwani, ni haki ya kazi yenyewe. Tanzania Bara ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, nayo husimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003, inayosimamiwa na COSOZA. Muziki hauijui mipaka ya taasisi hizi mbili. Kipande cha kinanda kilichopigwa Ng'ambo huchukuliwa, kikakimbizwa Buguruni, kikarudi kwetu kwa simu katika harusi ya Chake Chake. Mpiga kinanda wa kwanza hakulipwa. Mara nyingi hata kijana aliyekigeuza hakulipwa, kwani wimbo ukishasambaa jina linalokumbukwa ni la mghani. Hapo hakuna mwizi tajiri na maskini aliyeibiwa. Wapo maskini wawili, kila mmoja upande wake wa bahari, na fedha zinapita juu ya vichwa vyao. Tunazitaka taasisi hizi mbili zikae meza moja, zikubaliane namna ya kuandikisha kazi zinazovuka, na zimtambue mtengeneza mapigo kuwa ni mwenye haki pamoja na mwimbaji.

Mwaka 1928 Siti binti Saad alipanda meli kwenda Bombay kurikodi nyimbo, na taarab, ambayo kwanza ilikuwa burudani ya kasri, ikasikika kwa sauti ya mwanamke aliyezaliwa shamba, huko Fumba. Zamani hizo nako walikuwako waliocheka. Leo hatuna sherehe ya kitaifa isiyomtaja. Tusingoje wapiga santuri wa Buguruni wazeeke, kompyuta zao zife na kazi zote zilizomo, ndipo tuitishe semina ya kuwakumbuka.

Tunarudia kwamba kazi ni kazi. Anayewafanya watu mia tano wasahau shida zao kwa saa chache, na kesho yake akaamka kutafuta kodi ya chumba, ni mfanyakazi kama wengine. Mcheza kwao ametunzwa vya kutosha. Viongozi wetu wa pande zote mbili za Muungano wamgeukie sasa aliyekaa nyuma ya spika, wampe kibali, cheti na haki yake. Noti atazitafuta mwenyewe.