Kutoka mgambo hadi uofisa: amana inayoanzia nyumbani

  

Ndugu wasomaji, hivi karibuni tulikuwa Igowole, wilayani Mufindi, mkoani Iringa. Anayetoka Mafinga kwa barabara kuu iendayo Mbeya huiacha barabara hiyo pale Nyololo, akashika njia ya Igowole na Mtwango kuelekea kwenye mashamba ya chai na misitu ya kupandwa. Ni nchi ya baridi na ukungu, na Waislamu wake si wengi. Baada ya swala ya Ijumaa, mzee mmoja alituomba tufuatane naye nyumbani, kwa kuwa alikuwa na shauri juu ya mwanawe. Shauri lenyewe limo katika nyumba nyingi za wasomaji wetu. Kwa hiyo tuliwaomba wenyewe ruhusa ya kulieleza hapa bila kutaja majina, nao wakaridhia.

Kijana huyo ana shahada ya ualimu. Alipomaliza masomo alijiunga na Jeshi la Kujenga Taifa kwa kujitolea, akatumikia miaka miwili, kisha akarejea nyumbani bila ajira. Mafunzo ya mgambo yalipofunguliwa katani akahudhuria hadi mwisho. Tangu hapo ameishi maisha mawili kwa pamoja. Asubuhi hufundisha kwa kujitolea, jioni hupalilia miche ya paina katika shamba la baba yake. Siku anapoitwa, huvaa sare. Huitwa wakati wa kiangazi moto unapoingia katika miti ya watu, huitwa mtu anapopotea msituni, huitwa pia penye mkusanyiko mkubwa. Kazi ikiisha huvua sare, akarudi kwenye jembe na chaki.

Sasa ameitwa jeshini, katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Akifuzu mafunzo ya awali ya askari, elimu yake inampa nafasi ya kuchaguliwa kwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli, akasomee uofisa. Nyumba nzima ilimshukuru Mola. Shida ilianzia kwenye sharti moja, kwamba mwombaji awe hajaoa wala hajaolewa.

Kijana huyu ana mchumba. Posa imekubaliwa na sehemu ya mahari imekwishapokelewa. Mama yake alituambia kwa upole, macho yakiwa chini: "Masheikh zangu, kwa nini tusiwafungishe humu ndani tu, watu watatu wanne, kijana aende akijua ana mke? Nani atakwenda kuwaambia huko?" Baba alinyamaza. Kijana alikuwa ameishika fomu yake mkononi, naye hakusema neno.

Kabla ya kueleza tulichomjibu mama huyo, tutazame kwanza tofauti ya hali hizo mbili, kwa sababu familia nyingi hudhani kwamba kutoka mgambo kwenda jeshini ni kuongeza siku za kazi na kupata mshahara tu.

Mgambo ni raia aliyefunzwa. Hujifunza kwata, silaha, nidhamu na ulinzi karibu na kwao, chini ya mshauri wa mgambo wa wilaya, kisha huendelea na shughuli zake hadi atakapohitajika. Muda wake ni wake mwenyewe, na taifa humwazima. Askari wa kudumu hali yake ni kinyume cha hiyo. Muda wake ni wa taifa, na yeye ndiye anayeazimwa siku chache za likizo. Mahali atakapolala, mkoa atakaoishi na siku atakayomwona mama yake, yote hayo huamuliwa na amri. Ofisa amepanda daraja moja zaidi. Muda wake si wake, na pia amekabidhiwa muda na roho za watoto wa watu wengine.

Historia ya nchi yetu imeyaonesha haya waziwazi. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni waliasi. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi, likiwachukua vijana, wakiwemo wa Jeshi la Kujenga Taifa lililokuwa limeanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Tangu mwanzo, basi, mlango wa kutoka katika kujitolea na kuingia katika jeshi la kudumu ulikuwa wazi. Utaratibu wa kuwapeleka wahitimu wa shule JKT kwa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013. Wazazi wenye umri wetu wanaikumbuka miaka hiyo iliyo katikati, ambapo watoto walimaliza shule bila kuijua paredi.

Kisha ilikuja vita ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia nchini mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutapigana. Mkuu wa Majeshi wakati huo alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo. Jeshi la kudumu peke yake halikutosha, na maelfu kwa maelfu ya mgambo wakaitwa kutoka vijijini. Mtu aliyekuwa akilinda ghala la kijiji alijikuta Kagera, na baadaye ndani ya Uganda, hadi Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Vita ilipokwisha wengi walirudi mashambani, na wengine wakabaki jeshini. Wako pia ambao hawakurudi. Familia zao hazikupata nafasi ya kukaa kitako na kushauriana. Sisi tunaopewa nafasi hiyo leo wakati wa amani tukiipoteza kwa haraka tutakuwa tumeikosea shukrani neema hiyo.

Katika dini yetu suala hili si geni. Zama za Mtume (S.A.W.) hapakuwa na jeshi la mishahara. Muumini alikuwa mkulima au mfanyabiashara, akiitwa huenda, kisha hurejea kwa ahli yake. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) ndiye aliyeweka diwani, yaani daftari la kuandika majina ya askari na kuwapangia posho. Lakini khalifa huyohuyo aliyeandika majina ya wanaume katika daftari hakuwasahau waliobaki majumbani. Imepokewa kwamba usiku mmoja, katika kuzunguka kwake, alimsikia mwanamke akilalamikia upweke kwa kuwa mumewe yuko vitani. Akaenda kwa binti yake, Bibi Hafsa (R.A.), akamuuliza mwanamke anaweza kumvumilia mumewe asiyekuwepo kwa muda gani. Akajibiwa miezi minne, na katika riwaya nyingine sita. Umar akaamuru askari wasizuiwe mbali na wake zao zaidi ya muda huo.

Wazazi, litazameni jambo hilo. Kiongozi wa dola aliona kwamba utumishi wa kudumu una mtu wa pili anayeulipia, naye ni yule aliyeachwa nyumbani. Akamuuliza mwanamke, kisha akaamuru kwa kufuata jibu lake. Pale Igowole, mchumba wa kijana alikuwa hajaulizwa na yeyote.

Hapo ndipo tulipoanzia kumjibu mama. Tulimwambia: Mama, kijana huyu anakwenda kuwa mtu wa kuaminiwa na silaha, na baadaye, Allah akipenda, na watu. Je, kazi yake ya kwanza iwe kutia saini maneno ambayo si kweli? Sura ya Al-Maida inafunguka kwa kuwaamrisha walioamini kutimiza mikataba, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Waislamu hushikamana na masharti waliyoyakubali, maadamu hayahalalishi haramu wala kuharamisha halali. Kuchelewesha ndoa kwa muda si kuiharamisha. Kijana asiyeweza kuoa kwa wakati wake amepewa na Mtume (S.A.W.) dawa ya kufunga saumu. Hakupewa dawa ya kusema uongo.

La pili tulimwambia kuhusu binti. Ndoa yetu ni jambo la kutangazwa. Ndoa ya kufichwa humlinda mwanamume katika makaratasi yake na kumwacha mwanamke uchi wa haki. Akishika mimba kijijini, atasema ni ya nani? Mume akipatwa na ajali mazoezini, au akifa, jina la mke halimo popote. Ataingia eda ambayo majirani hawaijui, na atadai mirathi ambayo haina shahidi wa kusimama mbele ya kadhi wala mahakama. Mashahidi watatu wanne wa chumbani wanaweza kuhama, kuzeeka au kuogopa. Tumekwisha kuwaona wanawake wa namna hiyo, na machozi yao hayakukauka kwa sababu eti wakati ule ilionekana ni busara.

Mama alilia kidogo. Akasema aliogopa mwanawe asije akapotea huko, akaingia katika ulevi na zinaa. Hofu hiyo ni ya haki, na hatukuidharau. Lakini kambi haimtengenezi mtu upya. Humwongezea kile alichokuja nacho. Kijana aliyezoea kuamka alfajiri kwa ajili ya swala hatashangaa filimbi ya alfajiri. Aliyeiacha swala nyumbani hataikuta kwenye bweni. Kwa hiyo miezi iliyobaki kabla ya safari itumike kumfundisha fiqhi atakayoihitaji. Ajue namna ya kutayamamu anapokosa maji, hukumu ya kukusanya na kufupisha swala safarini, na namna ya kumwomba mkubwa wake ruhusa ya swala ya Ijumaa kwa adabu na kwa wakati unaofaa. Sura ya An-Nisaa imeeleza hata namna ya kuswali mbele ya adui. Dini iliyoifikiria swala ya mtu aliye vitani haikumsahau mwanafunzi wa kwata.

Kisha tulimgeukia kijana mwenyewe, kwa sababu uofisa una mtihani ambao mgambo hauna. Abu Dharr (R.A.) alipoomba uongozi, Mtume (S.A.W.) alimtahadharisha kwamba uongozi ni amana, na Siku ya Kiyama ni fedheha na majuto isipokuwa kwa aliyeuchukua kwa haki yake na akatekeleza wajibu wake. Luteni Usu, ambacho ndicho cheo cha kwanza cha ofisa, huanza kuongoza watu ambao baadhi yao wana umri wa baba zake wadogo na wameyaona mengi kuliko yeye. Akiwadharau atakuwa amekosa elimu yao na adabu kwa pamoja. Naye awe tayari kushuka kama alivyo tayari kupanda. Khalid bin Walid (R.A.), pamoja na ushindi wake wote, aliondolewa katika uongozi wa jeshi la Sham, akaendelea kutumikia chini ya Abu Ubayda (R.A.) bila kukimbia wala kufanya fitna. Cheo kiliondoka, utumishi ukabaki.

Lipo jambo moja zaidi ambalo familia zetu hazina budi kuliangalia. Panapotangazwa nafasi za jeshi hujitokeza watu wanaodai kwamba wanaweza "kumsaidia" kijana kwa kiasi fulani cha fedha. Jeshi lenyewe limekuwa likiwatahadharisha wananchi juu ya matapeli hao. Mzee wa Igowole alikiri kwamba alipigiwa simu na mtu asiyemjua, akataka kuuza miti yake ya paina ikiwa bado michanga. Tulimwambia kwamba hata kama mtu huyo angekuwa mkweli, hiyo ingekuwa rushwa, na mtoaji na mpokeaji wote wamo katika laana. Mshahara utakaolisha wajukuu usianzie katika chanzo cha haramu. Miti ile iacheni ikomae.

Mwisho kijana alisema neno lake la kwanza. "Baba, mimi nitakwenda mkiniridhia wote wawili. Kwa nyumba ya pili nitakwenda mwenyewe na mshenga, niwaeleze ukweli." Tulikumbuka hadithi ya yule mtu aliyemwendea Mtume (S.A.W.) akitaka ruhusa ya jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Alipojibu ndiyo, akaelekezwa afanye jihadi yake kwa kuwahudumia. Ridhaa ya wazazi, basi, haiombwi kwa desturi tu. Baba akatamka kuridhia kwake. Mama akasema ataridhia binti akishaulizwa.

Jioni ile walikwenda. Wazazi wa binti hawakufurahi, na hatuwalaumu. Walielezwa kwamba kijana hana tarehe ya kuwaahidi, kwamba ndoa ya askari ina utaratibu wake na inahitaji kibali, na kwamba binti yuko huru. Akitaka kusubiri asubiri kwa hiari yake, asipotaka posa itavunjwa kwa wema, bila kusemwa vibaya na mtu. Binti alitoka, akawaamkia wageni, akasema kwamba ameshukuru kuulizwa na ataswali istikhara kabla ya kujibu.

Tulipoondoka Igowole jibu lilikuwa bado. Huenda wataoana, huenda hawataoana. Lakini fomu ile ilijazwa kwa ukweli, na binti yule hakugeuzwa siri ya mtu.

Wazazi wenzetu, mtoto akitaka kuhama kutoka utumishi wa siku chache kwenda utumishi wa umri wake, kaeni naye. Ulizeni nani mwingine anayelipa gharama ya uamuzi huo, mumwite naye akae kwenye mkeka. Nchi inahitaji maofisa waaminifu, na uaminifu huo hufundishwa nyumbani, kabla kijana hajavalishwa nyota begani.