Dawa ya Panya Imuuapo Paka

Wahenga walisema kwamba paka akiondoka, panya hutawala. Lakini katika nyumba nyingi paka haondoki kwa hiari yake. Huondolewa na sumu iliyotegwa kwa ajili ya panya wale wale aliofugwa awawinde. Mbwa mlinzi naye hufa vivyo hivyo. Aghalabu vifo hivyo huitwa bahati mbaya, au husingiziwa jirani mwenye chuki. Ukweli ni kwamba vingi katika hivyo vyaweza kuzuiwa, na chanzo chake si uadui bali ni kutojua jinsi sumu itendavyo kazi mwilini.

Mfano mmoja ni warfarini, iliyoanza kutumika kuulia panya nchini Marekani mwaka 1948. Sumu hii hulizuia ini kuirejesha vitamini K katika hali ya kutumika, na bila vitamini hiyo damu haigandi. Mnyama aliyeila huonekana mzima kwa siku kadhaa. Kisha hudhoofu, fizi zake hupauka, na damu humvuja ndani kwa ndani. Kufikia hapo mwenye nyumba amekwisha kukisahau chambo alichokitega. Sumu za baadaye za jamii hiyo, kama brodifakumu, ni kali zaidi na hukaa katika ini kwa majuma mengi. Panya aliyezila hafi papo hapo. Huzungukazunguka akiwa mzito, na huwa windo rahisi. Paka au mbwa alaye panya wengi wa namna hiyo aweza kudhurika ijapokuwa hakukigusa chambo.

Wengine huuawa kwa huruma. Mtu amwonapo paka wake ana homa, humpa kidonge cha parasetamoli kama ampavyo mtoto. Kidonge kimoja cha miligramu 500, kwa paka mwenye uzito wa kilo 4, ni miligramu 125 kwa kila kilo. Kiasi hicho chatosha kumwua. Ini la binadamu lina vimeng'enya vya kutosha vya kuigeuza dawa hii ili itoke kwa mkojo. Paka ana upungufu mkubwa wa vimeng'enya hivyo. Dawa hugeuka kuwa kemikali iharibuyo chembe nyekundu za damu, zikashindwa kubeba oksijeni. Fizi huwa za rangi ya kahawia, uso na nyayo huvimba. Vitunguu katika makombo ya mchuzi navyo huharibu chembe hizo, kwa paka na kwa mbwa pia. Mwili wa mnyama si mwili wa mtu uliopunguzwa ukubwa.

Imani nyingine ya kusahihishwa ni ile ya maziwa. Wengi huamini kwamba maziwa huivunja kila sumu. Hayaivunji, bali hupoteza muda wa kumfikisha mgonjwa kwa daktari wa mifugo. Mnyama aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe kamwe, kwani mafuta yaweza kuingia mapafuni. Baadhi ya sumu zina tiba zake maalumu: vitamini K1 kwa zile zizuiazo damu kuganda, atropini kwa zile za jamii ya kabamati, ambazo humfanya mnyama atokwe na mate na kutetemeka. Ndiyo maana vipakiti visivyo na jina viuzwavyo vichochoroni ni hatari maradufu: daktari asiyejua jina la sumu hupata shida kuchagua tiba.

Yupo atakayesema kwamba panya humaliza mahindi ghalani, na kwamba katika nyumba yenye dhiki uhai wa paka si neno. Hoja hiyo ina uzito, lakini haikamiliki. Paka akifa, panya watakaosalia watakosa wa kuwatisha. Tena, mahali ambapo paka hufikia chambo, mtoto atambaaye hufikia pia. Anayemkinga mnyama amemkinga mwanawe.

Njia za kujikinga hazihitaji gharama kubwa. Nafaka iwekwe katika vyombo vyenye vifuniko, na mitego itumike kabla ya sumu. Ikilazimu kutumia sumu, inunuliwe ile yenye jina, itegwe ndani ya kisanduku chenye tundu la panya tu, na mizoga ikusanywe na kufukiwa. Dawa za binadamu zifungiwe kabatini.

Shule za sekondari zina wajibu hapa. Mwanafunzi akaririye kazi za ini katika mtihani, kisha akarudi nyumbani na kumkuta paka akipewa kidonge bila yeye kusema neno, hajafundishwa biolojia. Amefundishwa maneno yake tu. Mwalimu na awaagize wanafunzi waorodheshe sumu zilizomo majumbani mwao, mahali zinapowekwa, na namna kila moja idhuruvyo mwili. Somo hilo litaokoa uhai kabla ya mtihani wowote kusahihishwa.