Pumzi na Picha ya Saratani

Mgonjwa wa saratani ya umio atokaye Longisa, katika kaunti ya Bomet ambako maradhi hayo yamekithiri, akihitaji kupigwa picha kwa mashine ya PET-CT, ambayo Kenya iliipata mwaka 2018, hulazimika kusafiri yapata kilomita 200 hadi Nairobi. Mashine hiyo ni mbili katika moja. Ya kwanza huonyesha umbo la viungo kwa eksirei. Ya pili hufuata sukari yenye mionzi aliyodungwa mgonjwa, ambayo hulimbikana penye saratani. Kisha picha hizo hupachikwa moja juu ya nyingine.

Hapo ndipo penye utata. Eksirei humaliza kazi kwa sekunde chache. Ile ya pili huchukua dakika nyingi, na hakuna awezaye kuzuia pumzi muda wote huo. Mgonjwa akijaza kifua wakati wa eksirei, ini husukumwa chini na picha haziowani. Uvimbe ulio juu ya ini waweza kuonekana kana kwamba umo mapafuni. Ndiyo maana huambiwa apumue kidogo kidogo.

Huambiwa kwa lugha gani? Wahandisi wamebuni programu za kusahihisha kasoro ya pumzi, na wanastahili pongezi. Lakini ajuza asemaye Kipsigis pekee, akiamriwa kwa Kiingereza (au hata kwa Kiswahili changu hiki), atavuta pumzi nyingi, kwani ndivyo alivyozoea kuagizwa na kila aliyempima kifua. Maagizo yenyewe hayazidi sentensi tano. Yarekodiwe kwa Kipsigis, na mgonjwa ayafanyie mazoezi kabla hajalazwa mashineni.