Vita viliisha, pesa zikabaki New York

Vijana, hii tusiisahau. Agosti 2021 wanajeshi wa Marekani walitoka Kabul baada ya miaka 20. Lakini karibu dola bilioni 7, akiba ya benki kuu ya Afghanistan, zilikuwa New York, na Washington ikazifungia. Mabenki Kabul yakakosa noti, walimu wakakaa miezi bila mshahara.

Februari 2022 Biden akaamua: nusu itengwe kwa Waafghani, nusu isubiri kesi za familia za wahanga wa Septemba 11. Kwani kati ya wale watekaji ndege 19, Mwafghani alikuwa nani? Hata mmoja hakuna.

Taliban wana makosa yao, na kuwafungia wasichana shule ni dhuluma. Sawa. Ila akiba ya nchi si ya Taliban. Na mwaka 2008, mabenki ya Wall Street yalipoyumba kwa tamaa yao wenyewe, serikali hiyo hiyo ilitengewa dola bilioni 700 za kuyaokoa.