Mkoloni wa Pwani Hakuwa Mpole

Kuna kauli inayozunguka mabarazani Mji wa Kale wa Mombasa, kutoka Kibokoni hadi Mkanyageni, na wiki hii imesemwa tena kwa kujiamini: eti Mzungu kujiona bora na kumwaga damu ni habari za bara, huku kwetu aliingia kwa mkataba na Sultani, akatuachia kadhi wetu na liwali wetu. Kauli hii inakera kwa sababu inafuta wafu wetu wenyewe. Mwaka 1895 liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alipofariki, Wamazrui, ukoo wake, waligombea kiti wao kwa wao. Ulikuwa ugomvi wa ndugu, wa kusuluhishwa na ndugu. Kampuni ya Waingereza ikajitia kati, ikamkalisha Rashid bin Salim kwa kuwa ilimwona atatii, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipokataa, vita vikaenea mwambao mzima. Agosti mwaka huo Admeri Rawson akapanda na mabaharia wake hadi Mwele, ngome ya Mbaruk, akaiteka. Rawson huyo huyo ndiye aliyeipiga Unguja mizinga Agosti 1896, kisha mwaka 1897 akaiteka Benin, Afrika Magharibi. Ule mkataba unaosifiwa, uliotiwa saini Desemba 1895, uliandikwa bunduki zikiwa bado zinalia. Askari wakaletwa kutoka India, Mbaruk akavuka mpaka kwa Wajerumani Aprili 1896, na Mei reli ikaanza kutandikwa Mombasa, njia iliyokuja kuwapandisha walowezi kwenda kujitwalia ardhi ya bara. Halafu soko letu kuu likapewa jina la Kizungu, Mackinnon! Afadhali watu waliliita Marikiti tu.

Baada ya bunduki zikafuata karatasi, na hapo ndipo ubaguzi ulipokaa raha mustarehe. Katika miaka ya 1920 Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na viti 11 vya kuchaguliwa vya Wazungu, 5 vya Wahindi na 1 cha Waarabu; Waafrika, waliowazidi wote kwa idadi, walisemewa na mmishonari. Mzani huo uliingia mpaka ndani ya nyumba za Mvita. Thenashara Taifa, wenye mji, waliandikwa wenyeji wa kutozwa kodi ya kibanda, na kura ya Mwarabu wakanyimwa. Watu walioswali safu moja na kuoleana miaka mingi wakatenganishwa kwa kalamu ya karani, huyu Mwarabu, huyu mwenyeji, hata mwaka 1927 ikabidi waunde chama, Afro-Asian Association, wadai hadhi yao. Uhasama huo bado unatokota kwetu kila uchaguzi unapokaribia, nasi tunalaumiana wenyewe kana kwamba tulizaliwa nao. Anayesema Pwani haikuonja ubaguzi wa Kizungu aeleze basi nani aliyepanga watu daraja kwa damu zao, Mzungu akiwa juu bila kuulizwa.

Wengine hukimbilia reli na shule, utetezi wa kitoto kabisa: mwizi aliyekuachia taa hajakulipa nyumba. Wagiriama walijua hesabu hiyo. Serikali ilipotaka vijana wao kwa nguvu wakafanye kazi, Mekatilili wa Menza akawakusanya watu mwaka 1913 wakatae. Agosti 1914 Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, vijiji vikachomwa, na walionusurika wakatozwa faini ya rupia 100,000. Kutoka Kaya Fungo hadi Kilindini si mwendo wa siku nyingi. Hiyo nayo ni Pwani, isipokuwa kwa anayedhani Pwani inaishia Makupa.

Inabaki hoja ya bendera, ambayo wazee huishika kwa mapenzi: bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Ngomeni, pale Fort Jesus, miaka yote ya Mwingereza. Ni kweli ilipepea. Chini yake, ndani ya kuta zile zile za mawe ya matumbawe, Mwingereza aliigeuza Ngome kuwa jela tangu 1895, akawafungia humo watu wetu. Jela ilifungwa 1958. Bendera iliachwa juu ya mlingoti hadi 1963.