"Milele" Iliyodumu Miaka Miwili

Sheria inapotamka neno "milele", mwananchi huamini. Mwaka 1930 serikali ya kikoloni iliahidi kwa sheria kwamba maeneo yaliyotengewa Waafrika yangebaki yao milele. Ardhi ikitwaliwa, nyingine ingetolewa badala yake, na baraza la wenyeji lingeshauriwa kwanza. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana hapa Kakamega. Kufikia Desemba 1932 sheria hiyo ilikuwa imekwisha kurekebishwa: ardhi iliweza kutwaliwa kwa ajili ya madini bila ardhi ya badala, na bila baraza kuulizwa. Mwenye shamba aliachiwa fidia ya fedha tu.

Haya yalitukia katikati ya mdororo mkuu wa uchumi duniani. Bei ya mahindi ilikuwa imeanguka, ilhali kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu. Maelfu ya watu wetu waliingia migodini kuuza jasho lao kwa ujira duni.

Katika dhiki hiyo kilizaliwa chama kidogo, North Kavirondo Central Association. Viongozi wake, akina Andrea Jumba, Erasto Ligalaba na John Adala, hawakuwa na bunduki wala mali. Silaha yao ilikuwa elimu ya misheni, mikutano na barua za malalamiko. Walitetea ardhi, wakaeneza jina Abaluhya ili watu waliogawanywa kwa lokesheni na madhehebu wajione ndugu. Katika kanisa, Archidikoni Owen naye aliupinga waziwazi uvunjaji wa ahadi ile.

Tukiri ukweli: hawakushinda. Sheria haikurudishwa ilivyokuwa, na mgodi wa Rosterman uliendelea hadi mwaka 1952. Mwaka 1940, wakati wa vita, serikali ilivipiga marufuku vyama vya Waafrika vya Wakikuyu, Wakamba na Wataita. Sauti ya chama cha Kakamega nayo ikazimika. Hawakuwa na kura, wala mbunge wa kumwajibisha.

Sisi tunavyo. Kifungu cha 2A kilifutwa mwaka 1991, na Katiba ya 2010, katika ibara ya 40, inaagiza kwamba anayetwaliwa mali kwa manufaa ya umma alipwe fidia ya haki, kamili na bila kukawia. Ni maneno mema. Lakini hata "milele" lilikuwa neno jema. Sheria isiyolindwa na watu waliojipanga ni karatasi tu.

Kwa hiyo, dhahabu inapozungumzwa tena huko Ikolomani, twawasihi wanaharakati na makanisa: isomeni Katiba katika vikundi vyenu, hudhurieni vikao vya hadhara, wekeni kumbukumbu za kila ahadi, na mtu asitie sahihi asichokielewa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wetu wa miaka ya 1930 waliandika pasipo kusikilizwa. Itakuwa aibu yetu tukinyamaza hali tuna haki ya kusikilizwa.