KIMIA CHA MAPUMZIKO KISIWE KIMIA CHA MSHAHARA

Ndugu wanachama,

Katika matawi yetu ya pwani imekuwa desturi sasa kwa wafanyakazi wa reli, hasa sisi tuliotoka bara, kwenda kuvua kamba kwa kimia siku ya mapumziko. Wengine huvua ukingoni penye mikoko. Wengine siku hizi hukodi mtumbwi, wakatoka mpaka kwenye mkondo wenyewe, penye maji marefu, karibu na njia ya meli. Wenyeji hutucheka, husema Mkamba amekwenda kuvua kamba. Mzaha huo tunaukubali. Lakini jambo lenyewe si mzaha, na yafaa tulizungumze katika jarida letu kabla halijaleta msiba au ugomvi.

Neno langu ni hili: kimia cha siku ya mapumziko ni kitu kizuri, na chama kikitetee. Lakini kiwe cha kitoweo cha nyumbani tu, kisipeleke kamba sokoni, wala kisiende maji marefu.

Kwanza tuseme habari ya haki. Siku moja ya mapumziko katika kila siku 7 si zawadi ya mwajiri. Imeandikwa katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na kabla ya kuandikwa ilikwisha kupiganiwa na watu waliotutangulia. Januari 1947 watu wa reli na watu wa bandari waligoma pamoja hapa Mombasa, wakidai maisha yanayomfaa binadamu. Basi mtu akipata siku yake, ni yake. Akitaka kulala, alale. Akitaka kwenda kanisani au msikitini, aende. Akitaka kutupa kimia, atupe. Kazi ya njia ni jua na chuma, na maji humtuliza mtu. Tena huu ni mchezo wa watu wa mshahara mdogo. Wenye mali wana mashua za injini na mishipi ya kuvulia samaki wakubwa huko Watamu na Malindi. Sisi tuna kimia, na kimia chatutosha.

Pili, habari ya kilindi. Jina la Kilindini lenyewe latuambia ni mahali gani. Bandari ilipochimbwa ili meli kubwa zaidi ziingie, kazi iliyokamilika mwaka 2012, mlango ulifikishwa kina cha mita 15, na ziko sehemu zinazoshuka kuliko hapo. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka katika kivuko cha Likoni, nalo lilipopatikana lilikuwa chini kiasi cha mita 58. Hayo si maji ya kusimama mtu akatupa nyavu.

Tukumbuke pia tarehe 29 Aprili 1994. Kivuko cha Mtongwe kilizama karibu kabisa na ufuo, wakafa watu 272. Wengi wao walikuwa wafanyakazi waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Wengi wetu tuliozaliwa penye mito ya mchanga hatukufundishwa kuogelea, na umri wa miaka 30 na zaidi haumfundishi mtu kuogelea kwa siku moja.

Kimia nacho kina hatari yake. Ni nyavu ya duara, yenye vipande vya risasi pembeni, na ugwe wake hufungwa katika kifundo cha mkono. Mtu akisimama penye maji ya kiuno, ugwe huo ni msaada, maana kimia hakipotei. Lakini mtu akisimama juu ya mtumbwi mwembamba penye mkondo, kimia kikanasa chini au maji yakakivuta, ugwe huo huo humvuta mwenyewe. Tena meli ikipita hufuatwa na mawimbi, nayo haiwezi kusimama ghafla, kama vile gari moshi lisivyoweza kusimama kwa ajili ya ng'ombe aliye relini. Jambo hili sisi twalijua kuliko watu wote.

Hata faida yenyewe ni ndogo. Kimia kikishuka pima nyingi, zile risasi hukutana kabla ya kufika chini, kikafunga mdomo, na kamba walioko mchangani hawaguswi. Huko Marekani wako wavuvi wa burudani ambao hufunga utepe mpana juu kidogo ya risasi ili kimia kishuke kikiwa kimetandazwa. Ni akili nzuri. Lakini wao wana mashua imara, wana jaketi za kuokolea maisha, na wana sheria, nitakayoieleza mbele.

Ndugu mmoja alinijibu kwa Injili, akasema hata Simoni aliambiwa apeleke chombo kilindini ndipo akapata samaki wengi. Nami nikamjibu: Simoni alikuwa mvuvi kwa kazi yake, alikuwa na chombo chake, na alikuwa na wenzake katika chombo cha pili waliokuja kumsaidia nyavu zilipotaka kukatika. Wewe una mtumbwi wa kukodi, na Jumatatu alfajiri genge lakungoja.

Tatu, tujue kamba anavyoishi. Mama hutaga mayai nje baharini. Watoto huletwa na maji mpaka kwenye vijito vya mikoko kama vile vya Tudor na Port Reitz, ambako hupata chakula na mahali pa kujificha. Wakikaa hapo miezi michache wakakua, huteremka tena kwenda bahari kuu kuzaa. Basi anayewatega katika mkondo wa kina huwakamata wale wanaotoka kwenda kuzaa, na anayechota vidogo penye mikoko kwa nyavu ya matundu membamba huwamaliza watoto. Mtu mmoja na kikapu kimoja hatadhuru kitu. Lakini tukiwa magenge na magenge, kila mapumziko, hesabu yake ni nyingine.

Sasa nifike kwenye neno kubwa, nalo ni kuuza. Wako wenzetu ambao hawavui tena kwa kitoweo. Wana mnunuzi anayewangoja, na wanasema wazi: mshahara hautoshi, basi bahari itujazie. Kwamba mshahara hautoshi, hapana ubishi. Karo, kodi ya nyumba, unga, na fedha za kupeleka nyumbani, kila mmoja wetu ajua. Lakini nauliza: mwajiri akisikia kwamba watu wake wanajijazia kwa kamba, atasema nini siku ya mapatano? Atasema watu hawa wanaishi vizuri. Kila kilo tunayouza ili kuziba pengo la mshahara ni hoja tunayomkabidhi yeye. Upungufu wa mshahara hudaiwa mezani, katika mkataba wa pamoja, kwa nguvu ya kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinachompa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki na haki ya kugoma. Hauvuliwi baharini.

Tena twamtazama nani tunapouza? Mvuvi wa kijito naye ni mfanyakazi. Yeye hana likizo ya siku 21, hana malipo ya uzeeni, na akiugua hakuna anayemwandikia siku. Pepo za kusi zikivuma, bahari kuu ikachafuka, mwenye chombo kidogo hawezi kutoka nje. Kijito ndicho kinachomlisha. Sisi twafika hapo hapo tukiwa na mshahara mfukoni. Kwa kuwa kamba kwetu ni nyongeza tu, twakubali bei yoyote ya mnunuzi, na yule mvuvi kesho yake huambiwa akubali bei ile ile. Ndugu zangu, katika chama twalijua jina la mtu anayekubali malipo ya chini akavunja bei ya wenzake. Hatulipendi likitajwa kazini. Lisitufae baharini.

Mtu wa Makueni hasa hapaswi kuhitaji mafunzo juu ya jambo hili. Kwetu Mbumbuni hatuna bahari, tuna mito ya mchanga. Mchanga huo ndio tangi letu. Mvua ikiisha, maji hubaki chini yake, na mama akifukua kisima kidogo hupata ya kunywa na ya mbuzi. Malori yalipokuja kuchota mchanga kwa ajili ya majumba ya mijini, visima vikakauka, ugomvi ukazuka, na katika kaunti yetu damu ikamwagika. Mwaka 2015 Kaunti ya Makueni ikatunga sheria ya kulinda mchanga. Wenye malori walisema nini? Walisema mchanga ni wa Mungu, hakuna aliyeupanda. Leo nasikia watu wetu wakisema maneno hayo hayo juu ya kamba. Tuliokasirishwa na lori mtoni tusiwe lori kijitoni.

Wavuvi wa pwani wamekwisha kupambana na wakubwa kuliko sisi. Katika Ghuba ya Ungwana, kati ya Malindi na mdomo wa Tana, walilalamika miaka mingi juu ya meli za kukokota nyavu za kamba zilizoharibu nyavu zao na kutupa samaki wadogo. Mwaka 2006 meli hizo zikasimamishwa. Ziliporudi mwaka 2011, zilikuta mpango wa mwaka 2010 unaoziamuru zikae mbali na ufuo maili 3 za baharini, na zisivue toka Novemba mpaka Machi. Ikiwa kampuni yenye meli yawekewa mpaka na msimu, itakuwaje mtu wa kimia aseme yeye hana mpaka?

Na huko Marekani nilikotaja, katika jimbo la South Carolina, watu wengi huvua kamba kwa kimia kwa starehe tu. Hupiga nguzo majini, wakatupa chambo karibu nazo, wakatandaza kimia. Lakini lazima mtu awe na leseni, msimu ni siku 60 tu kwa mwaka, nguzo zisizidi 10, na kwa siku asichukue zaidi ya kiasi cha lita 45. Juu ya yote, haruhusiwi kuuza. Huko wametenganisha starehe na kazi, na mchezo haukufa kwa hilo.

Kwa hiyo naliomba tawi letu lizungumze mambo haya katika mkutano ujao:

1. Wanachama wavuao wajiandikishe, waende pamoja kuonana na wazee wa diko na kamati ya ufuo, yaani BMU, wapate ruhusa na waonyeshwe mahali na msimu. Waulize pia ofisi ya uvuvi juu ya leseni.

2. Kamba wa siku ya mapumziko waliwe nyumbani au wagawiwe majirani. Wasiuzwe.

3. Asiende mtu katika mkondo wa meli. Anayepanda mtumbwi avae jaketi, asiwe peke yake, wala asifunge ugwe mkononi kwa fundo lisilofunguka upesi.

4. Chama kitafute njia ya kuwafundisha wanachama na watoto wao kuogelea. Wavuvi wenyewe wanaweza kuwa walimu, nao walipwe kwa kazi hiyo.

5. Hesabu ya wanachama wanaolazimika kutafuta fedha ya pili ili waishi iandikwe, nayo ipelekwe mezani siku ya mapatano, kama ushahidi wa mshahara ulivyo mdogo.

Hilo la mwisho ndilo lenye uzito. Mtu anayeuza kamba usiku kwa siri hamsaidii mwenzake yeyote. Mtu huyo huyo akisimama mkutanoni akasema, "Mimi ni mtu wa reli, na sikai mwezi bila kuuza kamba," ametupa hoja ambayo mwajiri hawezi kuijibu kwa urahisi.

Wenu katika chama,

Mtu wa Genge la Njia,
mwenyeji wa Mbumbuni, Makueni